Ngazi ya Fundi: Kudumu kwa Mchoro wa Rilei katika Udhibiti wa Mitambo

Mchoro wa saketi ya umeme aghalabu huchukuliwa kuwa lugha moja isiyo na lahaja. Historia ya udhibiti wa mitambo viwandani inaonyesha vinginevyo: umbo la mchoro limetegemea sana msomaji wake, hususan fundi wa zamu anayesimama mbele ya mtambo uliozimika akitafuta swichi isiyopitisha umeme.

Nchini Marekani, fundi huyo alizoea mchoro wa ngazi. Mistari miwili ya wima huwakilisha pande mbili za chanzo cha umeme. Kati yake hupita vipago, kila kimoja kikiwa na swichi zake kushoto na koili ya rilei kulia. Mchoro huu hauonyeshi kifaa kilipo ndani ya kabati. Koili yaweza kuwa katika ukurasa wa kwanza, na swichi inazoziendesha zikatawanyika kurasa kadhaa mbele. Kwa mjenzi wa kabati hiyo ni kero, kwani yeye huhitaji kujua waya upi unaingia wapi. Kwa mtafuta hitilafu ni faraja: husoma kipago kimoja kutoka kushoto hadi kulia, na sharti lililokosekana hujitokeza.

Mwaka 1968, idara ya Hydra-Matic ya General Motors ilitafuta kifaa cha kielektroniki cha kuchukua nafasi ya makabati ya rilei, ambayo yalilazimu kuungwa waya upya kila uzalishaji ulipobadilika. Kampuni ya Bedford Associates, alimokuwamo Richard Morley, ilijibu kwa kifaa kilichoitwa Modicon 084. Rilei zikaondoka; ngazi ikabaki. Programu ilichorwa kwa alama zilezile za swichi na koili, ingawa ndani ya kifaa hapakuwa na koili hizo. Kilichohifadhiwa ni ujuzi wa mafundi, na bila hao kifaa kipya kingekuwa mzigo kiwandani.

Ulaya ilikuwa na mazoea yake. Mafundi wa Ujerumani walisoma njia za umeme zikishuka kutoka juu hadi chini, huku wahandisi wa elektroniki wakipendelea visanduku vya mantiki. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC) ilipotoa mwaka 1993 sehemu ya tatu ya kiwango cha 1131, ambacho sasa ni 61131, haikumtangaza mshindi. Ngazi, visanduku na lugha za maandishi vyote vilikubaliwa. Waweza kuonekana uamuzi wa woga. Kwa hakika ulikiri kwamba wasomaji ni wengi.

Suala hili ni zito zaidi Afrika Mashariki, ambako mitambo huagizwa kutoka mabara mbalimbali na michoro huja na desturi za ilikotoka. Hata rezista, katika mchoro wa Kimarekani, ni mstari wenye meno kama ya msumeno. Katika ule wa IEC ni mstatili. Mtaala unaofundisha mkondo mmoja humwacha fundi mgeni mbele ya nusu ya makabati ya kiwanda chake. Mkataba wa ununuzi nao, unaotaja nguvu ya mota na muda wa dhamana, ungeweza kutaja pia mchoro utakabidhiwa kwa desturi ipi, na kwa msomaji yupi.