"Upachikaji Jina", Si "Lebo"

Miongoni mwa nadharia za kriminolojia zinazotafuta chimbuko la uraibu wa dawa za kulevya ndani ya jamii, ipo moja ambayo tafsiri yake ya haraka ni "nadharia ya lebo". Tafsiri hiyo inapotosha. Lebo hubandikwa kwenye chupa kueleza kilichomo tayari. Howard Becker, Mmarekani aliyechapisha kitabu cha Outsiders mwaka 1963, alidai karibu kinyume chake: ukiukaji haumo ndani ya kitendo, bali huzaliwa watu wanapotunga kanuni kisha wakazitumia dhidi ya baadhi ya wenzao. Ndiyo maana napendekeza "upachikaji jina". Aliyepachikwa jina hakulichagua, na kitenzi chenyewe kinatulazimisha kuuliza aliyempachika ni nani.

Tazama neno "teja". Kijana wa Dar es Salaam anayetumia unga, yaani heroini, huitwa hivyo. Anayemaliza pakiti ya sigara kwa siku haitwi, ijapokuwa nikotini nayo humshika mtu. Jina likishakaa, simu ikipotea mtaani anatazamwa yeye, na kibarua hapewi. Wanaombakia ni wenzake wa maskani, na huko ndiko kete ziliko. Mwanasosiolojia Edwin Lemert, mwaka 1951, aliuita huu ukiukaji wa pili, unaotokana na jinsi jamii ilivyoupokea ule wa kwanza.

Atakayepinga atasema jina haliingizi heroini mwilini, wala arosto haitulizwi kwa maneno ya staha. Ni kweli, na ndiyo maana Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutuliza arosto hiyo, mwaka 2011. Lakini nadharia hii haidai kueleza kete ya kwanza; inaeleza ugumu wa kurudi. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia askari wa Marekani waliotoka Vietnam mwaka 1971, aliona kuwa wengi waliokuwa waraibu wa heroini kule hawakuurudia uraibu nyumbani. Hilo halithibitishi nguvu ya jina peke yake, maana mengi yalibadilika kwao, ila linaonyesha kuwa dawa haiamui kila kitu.

Wengine watahofu kuwa "mraibu", jina la staha zaidi, ni teja aliyevishwa kanzu. Nusu ya hofu hiyo naikubali: hata jina hilo laweza kumganda mtu aliyekwisha kuacha. Hata hivyo neno "uraibu", kabla ya unga kufika pwani, lilihusu tambuu na tumbaku, mazoea ambayo mtu huwa nayo huku akibaki baba, fundi au jirani. Na "pachika" ina faida ambayo "lebo" haina: Kiswahili kina pia "pachua".