Dawa ya Damu Iliyoshindwa, na Sindano Mbili za Gentamisini

Bakteria wakiingia katika damu ya mtoto mchanga, si wao peke yao wanaoua. Mwili hupambana nao hadi ukajidhuru: damu huganda ndani ya mishipa midogo, na figo, mapafu na ubongo vikakosa oksijeni. Kinga ya asili dhidi ya hali hiyo ni protini C, inayozuia damu kuganda na kutuliza uvimbe. Mtoto mchanga huzaliwa nayo kidogo. Wataalamu wakasema, basi aongezewe.

Mwaka 2001 matumaini yalikuwa makubwa. Katika jaribio la watu wazima 1,690, vifo vilikuwa asilimia 24.7 kwa waliopewa protini hiyo na 30.8 kwa wasiopewa. Kampuni ya Eli Lilly ikaruhusiwa kuiuza Marekani kwa jina la Xigris. Ikaja zamu ya watoto. Jaribio lao likasimamishwa 2005, watoto 477 wakiwa wameshaingizwa, kwa kuwa dawa haikuwaponya upesi zaidi. Waliovuja damu kichwani walikuwa 11 upande wa dawa na 5 upande wa pili, na hatari ilionekana hasa kwa wenye umri chini ya siku 60, wale wale waliohitaji msaada kuliko wote. Oktoba 2011, jaribio jingine la watu wazima liliposhindwa kuonyesha faida, Xigris ikaondolewa sokoni duniani kote.

Hata ingefaulu, ilitakiwa kutiririshwa mshipani saa 96 mfululizo, katika wodi ya mahututi. Mama wa kijiji cha ndani huko Kabambare, mashariki mwa Congo, angeifikiaje?

Kasongo, jirani ya Kabambare, inalijua swali hilo siku nyingi. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp na wenzao wa Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati huo, walijenga hapo vituo vya afya vilivyotegemea hospitali moja, kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978. Mwaka 1981 walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa chanjo ya surua, wakiuliza jambo zito: mtoto aliyeepushwa na surua ataishi, au kifo kingine kinamngoja mbele?

Kwa watoto wachanga wasiofikika, jibu la Congo lilitoka mkoa wa Equateur. Kati ya 2011 na 2013, pamoja na Kenya na Nigeria, jaribio la AFRINEST liliwachukua wachanga 3,564 wenye dalili za maambukizi makali ambao familia zao hazikuweza kuwapeleka hospitali. Mtoto hanyonyi vizuri, kifua kinabonyea, mwili una joto au umepoa: muuguzi alianza tiba papo hapo. Sindano za gentamisini kwa siku mbili pamoja na amoksisilini ya kunywa kwa siku saba zilifanya kazi sawa na sindano 14 za siku saba. Shirika la Afya Duniani likaliweka hilo katika mwongozo wake wa 2015.

Hospitali ikiwa karibu, mtoto apelekwe. Isipofikika, sioni sababu ya kituo chochote cha Kabambare kukosa gentamisini.