Je, wakati una mwanzo?

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha stendi ya Bunda. "Shikamoo mzee," akasema, "hivi huu ulimwengu umekuwepo siku zote, au kuna siku ulianza? Na kabla ya siku hiyo kulikuwa na nini?" Nilimwahidi jibu hewani. Leo natimiza ahadi, walau nusu yake.

Tuanze na tunachokiona. Mtu aliyekaa mwaloni Mwigobero, pale Musoma, akalitazama ziwa, haoni sababu ya kuuliza lilianza lini. Babu yake alilikuta, na babu wa babu yake alilikuta. Lakini wataalamu waliotoboa matope ya chini ya Ziwa Victoria wamekuta humo udongo wa nchi kavu. Miaka kama 15,000 hadi 17,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, kisha likajaa upya.

Ukienda Butiama, kwenye mawe makubwa ya Mwitongo nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, utaona ziwa ni mtoto mchanga. Miamba ya eneo letu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hata hivyo nayo ina mwanzo, maana iliwahi kuwa uji wa moto ndani ya ardhi.

Ikabaki mbingu. Mwaka 1917 Albert Einstein mwenyewe aliamini kwamba ulimwengu umetulia, akaongeza kitu katika hesabu zake ili ubaki umetulia. Mwaka 1927 padre Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, akaonyesha kwamba unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani akatangaza vipimo vyake: makundi ya nyota yaliyo mbali zaidi yanatukimbia kwa kasi zaidi. Sasa, kinachotanuka leo, jana kilikuwa kidogo. Mwaka 1931 Lemaître akasema kwamba vyote vilianza kama chembe moja.

Si wote waliokubali. Mwingereza Fred Hoyle alishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Machi 1949, akizungumza katika redio ya BBC, alilipachika wazo la wapinzani wake jina ambalo kwa Kiswahili tunasema Mlipuko Mkuu. Jina likashika mpaka leo, ingawa mwenye kulitoa hakuliamini wazo lenyewe. Sisi wa redio tunalijua hilo: neno likishatoka hewani halirudi.

Ushahidi mkubwa ulitangazwa mwaka 1965. Wamarekani Arno Penzias na Robert Wilson walisumbuliwa na mkwaruzo usiokwisha katika antena yao. Wakadhani ni kinyesi cha njiwa, wakasafisha, mkwaruzo ukabaki palepale. Kumbe yalikuwa mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga. Leo vipimo vinasema umri wake ni miaka kama bilioni 13.8.

Je, hapo ndipo wakati ulipoanzia? Tuwe waangalifu. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliusifu ugunduzi huu kuwa unaafikiana na imani ya uumbaji. Aliyekosa raha alikuwa Lemaître, padre mwenyewe! Yeye alitaka nadharia yake ibaki sayansi, na imani ibaki imani. Naona alikuwa na hekima. Anayejenga imani yake juu ya hesabu za leo atafanya nini hesabu hizo zikisahihishwa kesho?

Somo hilo lipo hata kwetu. Waikizu wa Bunda husimulia kwamba Nyakinywa, mwanamke mwenye uwezo wa mvua, alitoka Kanadi, akamkuta Isamongo, mwenye moto. Hapo ndipo Ikizu inapoanzia. Lakini sikiliza vizuri: alimkuta. Hadithi ya mwanzo inaanza na mtu ambaye tayari yupo.

Wanasayansi nao wamefika hapohapo. Wanaweza kutusimulia kuanzia sehemu ndogo sana ya sekunde ya kwanza, ulimwengu ukiwa tayari upo, umebanana, una moto mkali. Wakirudi nyuma zaidi hesabu za Einstein zinagoma. Wapo wasemao wakati wenyewe ulianza hapo, hivyo kuuliza "kabla" ni sawa na kumuuliza mtu alikaa mtaa gani kabla mama yake hajapata mimba. Wengine wanasema ulimwengu huenda unazunguka, kama majina ya vizazi vya Wakurya, yanayofika mwisho yakaanza tena.

Nasisitiza hili kwa sababu mkoani kwetu tunajua gharama ya kujidai mwenye mwanzo. Ugomvi wa ardhi kati ya koo umeshamwaga damu, na maneno "sisi ndio tulitangulia" ni mepesi mno kutamka.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Bunda, wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Huu ulimwengu tunaouona una ncha ya nyuma, nayo ni ile miaka bilioni 13.8. Kama wakati nao una ncha hiyo, sayansi bado haijaishika mkononi. Atakayekuambia kwamba ameshaipima, usibishane naye. Muulize tu: ulipofika hapo mwanzo, ulimkuta nani?