Alama ya Shingoni

Hapa Kiuu, anayeniletea chungu cha kuuza hukipindua kitako juu hata kabla hatujasalimiana vizuri. Amesikia kwamba vyungu vya mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hununuliwa Uingereza kwa bei ya nyumba, na kwamba jina lake huchorwa chini. Ni kweli. Ila vinavyopita soko la Githurai 45 ni vya maua, majiko na, mara chache, chungu cha nyanya ya mtu.

Jina nalo lina ukaguzi wake. Odundo hatumii gurudumu. Hufinyanga udongo kwa mkono na kuusugua hadi ung'ae. Tanuri lenye hewa humpa wekundu, likinyimwa hewa humpa weusi. Jina huchorwa udongo ukiwa bado haujaingia motoni, kwa hiyo kingo za herufi ni laini ukipitisha kucha. Lililokwaruzwa baadaye kwa msumari limemeguka pembeni na ndani limepauka. Chenye jina la namna hiyo namrudishia mwenyewe, bila maneno mengi.

Odundo naye ana ukoo wake wa karakana. Mfinyanzi Bernard Leach alifungua karakana St Ives, Uingereza, mwaka 1920. Mwanafunzi wake Michael Cardew akaja kuanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja ya wakati huo (leo Suleja), Nigeria, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko ndiko Odundo alikojifunza miaka ya 1970, akamkuta Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

Lakini ukitoka Thika ukapita Ol Donyo Sabuk, uko Ukambani, na kule wafinyanzi wa kike walikuwa na alama zao bila kufundishwa na karakana hizo: mikwaruzo michache, vijishimo, kila mama na yake. Mwaka 1981 tasnifu nzima iliandikwa Boston kuhusu alama hizo. Haziko kitakoni. Wakamba, kama Wakikuyu, walifinyanga nusu ya juu kwanza, wakaiacha ishike, ndipo wakaipindua na kuziba chini. Kitako kilikuja mwisho, cha mviringo, kikakaa juu ya mafiga na kuliwa na moto. Nani angeandika hapo? Mimi naona shingo ndiyo iliyobaki wazi kwa macho ya mnunuzi sokoni.

Basi mimi huanzia shingoni, kwa kitambaa kikavu na mwanga wa kutoka ubavuni. Chenye alama nakilipia zaidi ya kisicho nayo, hata kama wateja wangu wa mjini bado wanataka herufi. Masizi sitaki yaoshwe: yananionyesha kama chungu kilipika au kilikaa tu kabatini. Anayekisugua kwa sabuni na waya ili king'ae kabla hajanifikia, hapo hapo nampunguzia bei.