Jeshi Lisilokula: Majemadari wa Kompyuta na Wapagazi wa Vita vya 1914–1918

Katika michezo ya mikakati ya kihistoria, mchezaji huwa jemadari. Huchagua askari mia kwa kipanya, hubofya upande wa pili wa ramani, nao huondoka papo hapo bila kuuliza njia wala posho. Ukiucheza mchezo wa Age of Empires II, uliotolewa mwaka 1999, utaona kwamba askari aghalabu huhitaji chakula ili aumbwe, lakini akishaumbwa hali tena. Anaweza kusimama mlangoni pa ngome ya adui mchezo mzima asione njaa.

Sisemi kwamba michezo hii haina faida. Humfundisha kijana kwamba uchumi hutangulia vita, na kwamba anayekimbilia kupigana kabla ya kulima hushindwa mapema. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo huliacha nje ya ramani, nalo ndilo swali la somo hili: je, chakula cha jeshi hubebwa na nani? Kwa sisi tunaoishi Dzaleka na Lilongwe, jibu halihitaji kutafutwa Roma wala Ufaransa. Limo katika historia ya nchi hii na ya jirani zake.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilifika huku mapema. Mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, katika Ziwa Nyasa. Mwezi uliofuata, majeshi ya pande hizo mbili yalipigana Karonga, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Malawi. Upande wa Wajerumani uliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye hakutarajia kuwashinda maadui zake wote. Alikusudia kuwasumbua tu, ili wapeleke Afrika askari na mali ambavyo vingetumika Ulaya. Kwa hiyo alipigana, akarudi nyuma, akahama tena. Kila alipohama, majeshi makubwa yalilazimika kumfuata.

Kufuata huko ndiko kulikoleta msiba. Reli zilikuwa chache, barabara za magari zilikuwa chache zaidi, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo. Kikosi cha Jenerali Northey kilichotoka upande wa Nyasaland mwaka 1916 kiliweza kuletewa vifaa kwa meli za ziwani. Kutoka pwani ya ziwa hadi milima ya Njombe na Iringa, mzigo ulipanda juu ya vichwa vya watu.

Tufanye hesabu ndogo. Huu ni mfano tu wa kutuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Tuseme mpagazi mmoja hubeba unga kilo 25, naye hula kilo moja kwa siku. Ikiwa jeshi liko mwendo wa siku kumi, atakula kilo kumi akienda, na ni lazima abakize kilo kumi za kurudia. Hivyo atamkabidhi ofisa kilo tano tu. Askari mia wanaokula kilo moja kila mmoja wanahitaji kilo 100 kwa siku, yaani wapagazi 20 wanaofika kila siku. Kwa kuwa kila mpagazi yuko safarini siku 20, kwenda na kurudi, lazima watu 400 wawe njiani wakati wote ili askari mia wapate kula. Hapo bado hatujahesabu risasi, dawa, mahema, wala mizinga iliyofunguliwa vipande vipande.

Ndiyo maana wapagazi walikuwa wengi kupita askari. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Uingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na kwamba zaidi ya 90,000 kati yao walikufa. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, baridi ya milimani na njaa. Wengine walijiandikisha kwa ajili ya mshahara na wengi walikamatwa vijijini. Upande wa Wabelgiji pia, waliotoka Kongo wakaiteka Tabora mwezi Septemba 1916, ulitegemea maelfu kwa maelfu ya wapagazi, kama walivyofanya Wajerumani wenyewe.

Nyasaland wapagazi hao waliitwa tengatenga. Mwanafunzi wa Kiswahili aliangalie neno hili kwa makini. Katika Chichewa, kutenga ni kuchukua. Katika Kiswahili, kutenga ni kuweka kando. Maneno haya yanafanana kwa sauti lakini maana zake ni mbali, na maana zote mbili ziliwapata watu hawa: walichukuliwa vita vilipoanza, na vilipokwisha wakawekwa kando.

Waliobaki nyumbani nao hawakusalimika, kwa maana jeshi lisiloletewa chakula cha kutosha hula cha wenyeji. Huko Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe, na vijana wakaondolewa mashambani. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba tena. Njaa iliyofuata ilipewa jina la Mtunya, na Wagogo wanaikumbuka hata sasa.

Je, hakuna aliyeuliza? Aliuliza Mchungaji John Chilembwe. Mwezi Novemba 1914 aliandika barua gazetini akihoji kwa nini Waafrika wafe katika vita visivyokuwa vyao, ilhali wakati wa amani hawakuhesabiwa kuwa na haki. Serikali ya kikoloni haikutaka barua hiyo isomwe. Januari 1915 aliongoza uasi, na tarehe 3 Februari akauawa. Leo Malawi humkumbuka kila tarehe 15 Januari. Ni vema tukumbuke pia kwamba kabla ya kuongoza uasi aliuliza swali la kiraia: anayeamuru afe nani, amepewa idhini na nani?

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, mji uitwao sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi waliozidi idadi hiyo. Vitabu vingi vimeliandika jina lake. Majina ya waliobeba mizigo hayakuandikwa na wengi, ila lugha imewahifadhi kwa namna yake. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Kila anayekwenda sokoni Kariakoo hulitaja jeshi hilo, ajue asijue.

Jambo hili si la zamani tu. Katika vita vya karibuni vya mashariki mwa Kongo, raia wamelazimishwa tena kubeba mizigo ya wenye silaha, na wapo miongoni mwa majirani zetu wanaoelewa maneno haya bila kufafanuliwa. Basi mchezaji na aendelee kucheza, na ashinde. Lakini anaposoma katika historia kwamba jemadari fulani alivuka milima na watu elfu kumi, aulize waliwalisha kina nani, waliitwa au walikamatwa, na wangapi walirudi. Raia anayezoea kuuliza hivyo kuhusu majemadari wa kale hatashindwa kuwauliza viongozi wa leo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Rudia hesabu ya wapagazi kwa mwendo wa siku kumi na mbili. Kwa nini mwendo ukiongezeka kidogo, idadi ya wapagazi huongezeka sana?
2. Uliza wazee wa familia yako kama wanayo kumbukumbu ya wapagazi wa vita. Waliitwaje katika lugha yenu?
3. Ikiwa ungeunda mchezo wa vita hivi, ungewaonyeshaje tengatenga?