Picha za Kale, Shahidi wa Majengo

Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib huko Unguja, jirani na jumba la Beit al-Hukm. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ililivunja Beit al-Hukm, wala halikujengwa tena. Sura yake yafahamika kwa picha zilizopigwa kabla ya siku hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib nayo iliporomoka.

Ikiwa jumba la mawe hupita, sembuse msonge wa Usukuma na kanisa la udongo? Washarika wa Shinyanga na Geita wayapige picha majengo ya wazee yangali yamesimama, na nyuma ya kila picha waandike mahali na mwaka. Picha isiyo na maelezo ni shahidi bubu.