Tarehe 17 Ramadhani: Furaha Moja na Misiba Miwili



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Wapenzi wasomaji, kila inapokaribia nusu ya mwezi wa Ramadhani huwa tunawauliza wanafunzi wetu chuoni: Je, tarehe 17 kulitokea nini? Darasa zima hujibu kwa sauti moja, "Vita vya Badr!" Jibu hilo ni sahihi na huwa tunawapongeza. Lakini safari moja mtoto mmoja mdogo aliuliza, "Baada ya hapo, Ustadh, tarehe hiyo haikurudi tena?" Wenzake wakamcheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tuliona kuwa swali lile lilikuwa letu sisi walimu. Tarehe 17 Ramadhani ilirudi kila mwaka, na katika miaka miwili ilirudi na msiba. Wala hatukuwa tumewafundisha.

Mwaka wa 2 Hijria: Badr

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Ilikuwa siku ya Ijumaa, mwezi wa Machi mwaka 624 Miladia. Waislamu walikuwa mia tatu na kumi na kitu, wakiwa na ngamia wapatao 70 wa kupokezana na farasi wawili tu. Maquraishi walikuwa wakikaribia elfu moja. Kabla ya majeshi kukutana walitoka watatu kwa watatu kupambana, na kwa upande wa Waislamu walitoka Hamza, Ubayda bin Harith na Ali bin Abi Talib (R.A.), ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Tunaomba msomaji alishike jina hilo la Ali, kwani tutalirudia.

Vita vilipomalizika, Waislamu 14 walikuwa wamekufa shahidi, na kwa upande wa Maquraishi waliuawa watu 70 na wengine 70 wakatekwa. Imepokewa kuwa mateka waliokosa mali ya kujikombolea, lakini wakijua kuandika, waliachiwa kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Madina. Basi hata siku ya upanga haikuisha bila ya darasa.

Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki wapo watu wengi wanaolijua jina la watu wa Badr kwa njia ya Halbadiri tu, yaani kile kisomo anachotishiwa nacho mwizi au mbaya wa mtu. Inasikitisha mtoto akikua anajua Badr kama laana ya kumsomea jirani, asijue ni akina nani waliosimama pale na kwa nini walisimama.

Neno kuhusu kalenda

Kabla hatujaendelea, tukumbuke kuwa mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua. Ndiyo maana tarehe 17 Ramadhani ile ile iliangukia Machi wakati wa Badr, Januari mwaka 661 na Julai mwaka 678. Tukumbuke pia kuwa siku yetu huanza Magharibi, wala si saa sita ya usiku. Na huku kuhesabu miaka kutokea Hijra kulipangwa baadaye, katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (R.A.). Imepokewa kuwa aliyetoa rai ya kuanzia kwenye Hijra ni Ali.

Mwaka wa 40 Hijria: Kufa

Miaka 38 baada ya Badr, yule kijana aliyetoka kupambana mbele ya safu alikuwa Khalifa wa Waislamu, anakaa Kufa. Umma ulikuwa umegawanyika. Baada ya vita vya Siffin mwaka wa 37 walijitenga Khawarij, watu waliosifika kwa kusali na kusoma Qur'ani sana, lakini wakawakufurisha Waislamu wenzao. Ali alipigana nao Nahrawan mwaka wa 38, na waliobaki wakaweka kisasi moyoni.

Watatu kati yao waliapizana kuua watu watatu katika siku moja, wakati wa sala ya Alfajiri: Ali huko Kufa, Muawiya huko Dameski na Amr bin Al-As huko Misri. Huko Dameski Muawiya alijeruhiwa akapona. Huko Misri Amr alikuwa mgonjwa, hakutoka, akauawa Kharija aliyesalisha badala yake. Huko Kufa, Abdurrahman bin Muljam alimpiga Ali upanga wenye sumu, na baada ya siku chache Ali akafariki.

Wanahistoria wengi wa zamani wameandika kuwa siku waliyoiagana ni tarehe 17 Ramadhani. Wapo wanaosema Ali alipigwa tarehe 19 na kufariki tarehe 21, na hivyo ndivyo wanavyoadhimisha ndugu zetu Mashia. Hatugombanii tarehe. Tunachotaka vijana wetu wakione ni hiki: panga za Maquraishi pale Badr hazikumuweza Ali. Aliyemuua ni mtu aliyefunga kama yeye na kuelekea kibla kama yeye. Na hata akiwa na jeraha lile, Ali aliusia kuwa muuaji wake alishwe vizuri, na akifa yeye basi apigwe pigo moja kwa pigo moja, wala asikatwekatwe viungo.

Mwaka wa 58 Hijria: Madina

Miaka 18 baadaye, usiku wa Jumanne tarehe 17 Ramadhani kwa mujibu wa riwaya mashuhuri, alifariki Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.). Alisaliwa na Abu Huraira na kuzikwa Baqii usiku ule ule.

Tangu kufariki Mtume (S.A.W.) mwaka wa 11, Bibi Aisha aliishi zaidi ya miaka 45 akiulizwa na kufundisha. Hadithi zilizopokewa kwake zinahesabiwa kuwa 2,210. Miongoni mwa wanafunzi wake ni mtoto wa dada yake, Urwa bin Zubair, na Amra binti Abdurrahman, mwanamke aliyekuwa mwanachuoni mkubwa.

Kila mwenye kusoma historia anajua kuwa yeye na Ali walikuwa pande mbili katika vita vya Ngamia mwaka wa 36. Baada ya vita, Ali alimrudisha Madina kwa heshima. Naye Bibi Aisha alipoulizwa kuhusu kupaka maji juu ya khofu, alimwelekeza muulizaji kwa Ali, kwa kuwa Ali ndiye aliyekuwa akisafiri na Mtume (S.A.W.). Hivyo ndivyo wenye elimu walivyotendeana.

Tuwafundishe watoto yote matatu

Ndugu wazazi, ukimfundisha mtoto Badr peke yake, atadhani kuwa adui siku zote anatoka nje, na kwamba siku ikishashindwa vita imekwisha. Mwaka wa 40 unamuonyesha kuwa mtu anaweza kuhifadhi maneno ya Allah ulimini, kisha akaamka alfajiri ya Ramadhani kwenda kumuua aliyesimama Badr. Na mwaka wa 58 unamuonyesha dawa yake, nayo ni kukaa na kusoma kwa mwalimu, kuuliza kwa adabu, na kumpa haki yake hata yule mliyehitilafiana.

Basi Ramadhani ijayo, baada ya futari ya kuamkia tarehe 17, tuwaulize watoto wetu lile swali. Wakijibu Badr, tuwaambie, "Vizuri. Na ilipotokea tena?"

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.